Uzi: Inchi za kioo cha laptopu hazitoshi, uliza na kimo chake

#1 Rula_Mkononi

Wakuu, heshima kwenu.

Humu kila baada ya siku mbili tatu anaibuka mtu: "Nichukue inchi 14 au 15.6?" Majibu tunayajua. Mmoja atasema chukua kubwa macho yasiumie, mwingine atasema ndogo haichoshi bega, uzi unaishia hapo. Umbo la kioo chenyewe haliulizwi. Basi leo nimekuja na rula, tupime.

Ile inchi ya kwenye tangazo ni ulalo wa sehemu inayowaka, kona hadi kona, fremu haimo. Inchi moja ni sentimita 2.54. Shida ni kwamba ulalo hausemi kioo kina upana gani wala kimo gani. Vioo viwili vya inchi 14 vinaweza kupishana kimo kwa zaidi ya sentimita moja, na wauzaji wote wawili wakawa wamesema kweli. Kinachofichwa ni uwiano, yaani upana kwa kimo: 16:9, 16:10, 3:2, na ule wa kizamani 4:3. Ukishika ulalo na uwiano, Pythagoras wa sekondari anamaliza kazi. Hesabu nimewafanyia. Vipimo ni sentimita, upana kwanza, kimo baadaye:

Inchi 14, 16:9 — 31.0 kwa 17.4
Inchi 14, 16:10 — 30.2 kwa 18.8
Inchi 13.5, 3:2 — 28.5 kwa 19.0
Inchi 15.6, 16:9 — 34.5 kwa 19.4
Inchi 16, 16:10 — 34.5 kwa 21.5
Inchi 17.3, 16:9 — 38.3 kwa 21.5
Inchi 14.1, 4:3 — 28.7 kwa 21.5

Tazameni hiyo 13.5. Kwa kimo imepitwa na 15.6 milimita nne tu! Mtu anayeandika ripoti, anayesoma PDF, anayehariri hati za mahakamani, macho yake yanashuka chini, hayaendi pembeni. Huyo kwake kimo ndicho kioo. Ukimpa 15.6 umempa sentimita sita za upana ambazo Word itazijaza rangi ya kijivu kushoto na kulia mwa ukurasa.

Tazameni tena 16 na 15.6. Upana ni ule ule, 34.5. Ndiyo maana kampuni nyingi zimeacha 15.6 zikahamia 16 bila mashine kutanuka: wamechukua ile fremu nene ya chini, pale palipokuwa na nembo, wakaifanya kioo.

Ya mwisho kwenye orodha ni ThinkPad T60 ya mwaka 2006 yenye kioo cha inchi 14.1. Kimo chake ni sawa na cha dude la inchi 17.3 la leo. Wazee mnaosema laptopu za zamani zilionyesha ukurasa mrefu, hamkuwa mnaota.

Ilikuwaje tukafika hapa? 4:3 ilitoka kwenye filamu za milimita 35 za maabara ya Edison, televisheni ikaichukua, kompyuta zikarithi kwa televisheni. Miaka ya 2000 laptopu zikapanuka kidogo zikawa 16:10, mkikumbuka zile za pikseli (nukta za picha) 1280 kwa 800. Kuanzia mwaka 2008 hivi watengenezaji wakahamia 16:9 kwa kishindo. 16:9 si umbo la kompyuta kwa asili yake. Lilipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi Kerns Powers, Mmarekani, kwa ajili ya televisheni za kizazi kipya. Alichukua maumbo ya picha yaliyokuwa yakitumika, kuanzia televisheni ya 4:3 hadi sinema pana kabisa, akayapa eneo sawa, akayalaza kitovu juu ya kitovu. Mstatili wa karibu 1.77 kwa 1 ukayameza yote. Kwa sebuleni, kazi nzuri. Kwa mtu wa Word, hakuulizwa.

Viwanda vililipenda kwa sababu za biashara. Vioo hukatwa kutoka kwenye bamba kubwa, na bamba linalokatwa umbo moja kwa televisheni, monita na laptopu halibakizi vipande vingi vya kutupa. Tena kuna hili, na ndilo linalonikera: kwa ulalo uleule, umbo likiwa pana zaidi eneo linapungua. Kioo cha 16:9 kina eneo pungufu kwa asilimia 11 kuliko cha 4:3 chenye inchi zilezile, na pungufu kwa karibu asilimia 5 kuliko cha 16:10. Tangazo linabaki "inchi 14", kioo kimepungua.

Sasa upepo umegeuka. Google walitoa Chromebook Pixel ya 3:2 mwaka 2013, Microsoft wakafuata na Surface Pro 3 mwaka 2014, Dell XPS 13 ikahamia 16:10 mwaka 2020. Apple wao karibu hawakutoka 16:10, ukiacha ile MacBook Air ya inchi 11.6. Kwa sisi wa mitumba habari kubwa ni mwaka 2022, pale ThinkPad T14 Gen 3 ya Lenovo na EliteBook 840 G9 ya HP zilipokuja na 16:10. Ofisi za Ulaya huzibadilisha mashine baada ya miaka mitatu minne, kwa hiyo ndizo zinazoshuka Kariakoo sasa hivi, zimepangwa meza moja na 840 G8 na T14 za mwanzo ambazo bado ni 16:9. Zote "inchi 14". Zote nyeusi au fedha. Ukiuliza tofauti unaambiwa ni kizazi cha prosesa tu.

Karibuni tujadili.

#2 Mtoto wa Gerezani

Kwa hiyo boss mimi na 15.6 yangu nimepigwa?

#3 Rula_Mkononi

Hujapigwa mkuu. Inategemea unafanyia nini, na ina pikseli ngapi. Taja.

#4 Mtoto wa Gerezani

Muvi na mpira. Pikseli sijui, imeandikwa HD.

#5 Rula_Mkononi

Basi kwa umbo uko sawa kabisa. Mechi na video za YouTube nyingi ni 16:9, kioo chako kinajaa chote. Ukiipeleka mechi hiyo kwenye 14 ya 16:10 utapata mkanda mweusi wa karibu sentimita moja juu na mwingine chini. Kwenye 3:2 ya inchi 13.5 ni sentimita moja na nusu kila upande. Na muvi za sinema zenye picha pana sana, hata kwako zinaacha mikanda: picha yenyewe inakuwa na kimo cha sentimita 14 na nusu hivi.

Ila hiyo HD ndiyo inayonipa wasiwasi. HD kwa lugha ya muuzaji ni 1366 kwa 768. Kwenye inchi 15.6 hiyo ni pikseli 100 kwa kila inchi. Full HD, 1920 kwa 1080, ni 141. Kwenye hiyo HD herufi ndogo utaziona ngazi-ngazi pembeni.

#6 Mhasibu_Mpole

Mleta uzi umeongea vizuri ila umetupita watu wa hesabu. Mimi Excel natembea pembeni, safu wima kuanzia A hadi huko AH. Upana naupenda. Na laptopu ya 15.6 ina kibodi ya namba upande wa kulia, 14 haina. Ukiingiza vocha mia kwa ile safu ya namba ya juu utajuta kuzaliwa.

#7 Rula_Mkononi

Mhasibu, hapo sina ubishi. Kibodi ya namba inakuja kwa sababu ya upana wa mwili, na 16:10 ya inchi 16 ina upana ule ule wa 15.6, kwa hiyo nyingi zinayo, na unaongezewa safu mlalo kadhaa za Excel chini. Ukipata bajeti, hiyo ndiyo yako. Bajeti ikigoma baki na 15.6, ila Full HD.

Kidokezo cha bure: bonyeza Ctrl na F1, ule utepe wa vitufe wa juu unajikunja. Kwenye 16:9 ule utepe ni mwizi.

#8 BintiMwambao

Samahani kaka Rula, naomba nieleweshwe. Mimi ni mwanafunzi, nina 14 ya Full HD. Mwenzangu chumbani ana ya zamani ya 1366 kwa 768. Tukifungua PDF ileile yeye anaona mistari mingi kuliko mimi. Yangu si ndiyo yenye pikseli nyingi?

#9 Rula_Mkononi

Dada, umegusa kitu ambacho wauzaji wenyewe wengi hawakijui.

Pikseli zikiwa nyingi kwenye kioo kidogo, kila kitu kinakuwa kidogo mno kusomeka. Windows inakisaidia kwa kukuza vitu: asilimia 125, 150 na kuendelea. Kwenye inchi 14 ya Full HD yenyewe mara nyingi inajichagulia 150. Sasa gawa: 1920 kwa 1.5 ni 1280, 1080 kwa 1.5 ni 720. Herufi zako zinachorwa vizuri kuliko za mwenzio, lakini nafasi ya kupanga vitu ni ya 1280 kwa 720. Mwenzio yuko asilimia 100, ana 1366 kwa 768 zote. Kakuzidi.

Nenda kwenye mipangilio ya kioo, shusha iwe 125. Utapata nafasi ya 1536 kwa 864, umempita, na herufi bado zitakuwa safi. Kama macho yanaruhusu, jaribu siku moja kabla hujarudisha.

Hapa ndipo 16:10 inapolipa. 1920 kwa 1200 hata ikiwekwa 150 inakubakizia 1280 kwa 800, na ikiwa 125 ni 1536 kwa 960.

#10 BintiMwambao

Nimeshusha. Mungu akubariki, nimeona mpaka tanbihi za chini ya ukurasa ambazo nilikuwa nazisukuma kwa kidole kila saa. Herufi ni ndogo kidogo ila nitazoea.

#11 Kamanda_wa_Nairobi

Huku Nairobi mashine nyingi ni zile zilizotoka ofisi za Uingereza, na story ni moja. ThinkPad T480 moja ina 1366 kwa 768, ya pili hapo kando ni Full HD, bei karibu sawa, mwenye duka anakuambia "zote ni T480". Kweli zote ni T480, Lenovo waliziuza hivyo. Hata EliteBook 840 G3 ilikuwa na HD, Full HD na nyingine ya 2560 kwa 1440. Sasa mtu atajuaje dukani bila kuonekana mjuaji?

#12 Fundi Vioo Msimbazi

Niingie hapo maana ni eneo langu.

Mashine ikiwa inawaka: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, ingia sehemu ya kioo, pikseli zinaonekana hapo. Ila hakikisha mtu hajashusha kwa makusudi au dereva ya picha (programu inayoendesha kioo) haijakosekana, maana bila dereva Windows inaweza kuonyesha namba ya ajabu. Ukizipata zigawe: upana kwa kimo. Ikija 1.78 ni 16:9. Ikija 1.6 ni 16:10. Ikija 1.5 ni 3:2. Ile 1366 kwa 768 ukiigawa haikai 16:9 kamili, inazidi kidogo sana, usishangae.

Bila hata kuwasha, chukua karatasi ya A4. Upande wake mfupi ni sentimita 21, mrefu ni 29.7. Weka upande wake mfupi usimame sambamba na kimo cha kioo. Inchi 16 ya 16:10 inaipita karatasi nusu sentimita. Inchi 15.6 ya 16:9 inapungua sentimita moja na nusu na ushee. Kwenye 14 unapima pengo: 16:10 inapungua sentimita mbili, 16:9 inapungua tatu na nusu. Dukani karatasi ya A4 haikosi, hata ya risiti zao.

Kingine: EliteBook nyingi zina kioo cha siri, kile ambacho mtu wa pembeni haoni kitu. Wateja wananiletea wakisema kioo kimefifia nibadilishe. Sio kibovu. Kuna kitufe cha kukizima juu ya kibodi. Lakini hata kikizimwa, ukikaa upande utakiona kimepauka kuliko cha kawaida. Ukiwa mtu wa kuangalia muvi na familia, kikwepe.

#13 Mtoto wa Gerezani

Fundi, hii yangu ya 15.6 HD naweza kuibadilisha kioo iwe Full HD?

#14 Fundi Vioo Msimbazi

Mara nyingi ndiyo, ila usinunue kioo kabla hatujafungua.

Nyuma ya kioo kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Kwa vioo vya LG, LP156WH ni 1366 kwa 768, LP156WF ni 1920 kwa 1080. Hiyo 156 ni inchi 15.6, ukiona 140 ni 14. Kampuni nyingine zina herufi zao lakini 156 na 140 zinajirudia. Nikiona namba najua nitafute nini.

Pili, soketi. Zile za miaka kumi hivi iliyopita kuja huku zina pini 30, zenye kugusa au zenye kasi kubwa ya kuonyesha nyingi zina pini 40. Havichanganyiki. Tatu, na hii ndiyo inayoua watu: baadhi ya mashine zilizotoka na HD zina waya uliofungwa njia moja tu ya data, wakati Full HD inataka mbili. Kioo kinaingia vizuri, pini zinalingana, unawasha, giza. Hapo inabidi ubadilishe na waya.

Nne, masikio ya kufungia na upana wa fremu ya kioo. 15.6 za karibuni zimekuwa nyembamba kwa fremu, hazishiki kwenye skrubu za za zamani japo sehemu inayowaka ni ile ile.

#15 Kamanda_wa_Nairobi

Fundi umetisha. Na mtu akitaka kutoka 16:9 kwenda 16:10?

#16 Fundi Vioo Msimbazi

Hilo sahau. Kioo cha 16:10 cha inchi 14 kimezidi kimo karibu sentimita moja na nusu na kimepungua upana. Kifuniko kimechongwa kwa umbo moja. Labda ununue mashine nyingine.

#17 Wakili Msomi wa Kata

Mimi kazi yangu ni kulinganisha nyaraka mbili ubavu kwa ubavu, mkataba wa kwanza na uliofanyiwa marekebisho. Rula unanishauri nini? Upana hapo si ndio muhimu?

#18 Rula_Mkononi

Inaonekana hivyo Wakili, lakini piga hesabu. A4 moja ikisimama ina upana 21 na kimo 29.7. Mbili ubavu kwa ubavu ni 42 kwa 29.7, uwiano 1.41. Kati ya maumbo ya laptopu za leo, lililo jirani zaidi na hilo ni 3:2, ambalo ni 1.5. Kwenye 16:9 kurasa mbili zikijaa kimo, pembeni panabaki patupu, na herufi zinakuwa ndogo kwa sababu kimo ndicho kilichozibana. Yaani hata kazi inayoonekana ya upana inakwamishwa na kimo.

Laptopu za 3:2 sokoni kwetu ni chache, ni Surface hasa, na Surface kufungua kwa fundi ni mtihani. Kwa hiyo kivitendo chukua 16:10, kisha ofisini weka monita ya pembeni. Monita ya kawaida ya inchi 24 ya 16:9 ina kimo cha sentimita 29.9. A4 inakaa nzima kwa ukubwa wake halisi ukiifungua ijaze kioo kizima, na upana wa sentimita 53 unameza mbili na nafasi ya kalenda inabaki. Monita za mitumba hazina bei kali. Kwa kazi yako ningeweka hela huko kabla ya kuongeza inchi za laptopu.

#19 Fundi Vioo Msimbazi

Naongezea kwa Wakili: kwenye Windows 10 ule mstari wa chini wa programu uliweza kuuhamishia ubavuni, ukaokoa kimo. Windows 11 ilipotoka 2021 ikaondoa hilo. Unaweza kuufanya ujifiche, usionekane mpaka upeleke mshale chini. Mimi wateja wangu wa 16:9 nawawekea hivyo bila kuwauliza, hakuna aliyewahi kulalamika.

#20 Mhasibu_Mpole

Swali la mwisho kwa Rula. Nimeitiwa 840 G8 na 840 G9, zote RAM 16, G9 imezidi bei kidogo, sio sana. Ni za vijana wawili wa ofisini, mmoja wa manunuzi, mmoja karani wa barua.

#21 Rula_Mkononi

Karani mpe G9. Wa manunuzi kama kazi yake ni Excel na mifumo ya mtandaoni, G8 itamtosha, mpe na kibodi ndogo ya namba ya kuchomeka USB. Ila kabla ya kulipa hakikisha hiyo G8 ni Full HD na sio kioo cha siri, na hiyo G9 iwashwe mbele yako uione 1920 kwa 1200 kwa macho yako. Stika ya kwenye boksi usiihesabu.